Mabaki ya rangi: Usiweke sumu katika chupa ya soda

Kabla ya mvua ya masika, wenye nyumba wengi hapa Kilifi hukagua makao yao. Upepo wa bahari una chumvi, nayo hula mabati na kuambua rangi milangoni. Basi mtu huingia stoo na kutoa kilichobaki mwaka jana: nusu mkebe wa rangi, tapentaini kidogo, simiti iliyofunguliwa. Ni busara, kwani vifaa vya ujenzi ni ghali. Lakini je, msomaji, mabaki hayo umeyaweka ndani ya nini?

Ajali tunayoiogopa sana sisi madaktari ni hii. Fundi amemaliza kazi na tapentaini imebaki. Unaimimina katika chupa ya soda na kuiweka chini ya meza jikoni. Mtoto wa miaka miwili anatoka kucheza akiwa na kiu. Chupa ile anaijua. Siku zote hutoka kitu kitamu. Anakunywa.

Tapentaini, thina, petroli na mafuta ya taa ni vimiminika vyepesi. Mtoto akipaliwa au akitapika, huteleza na kuingia mapafuni, na huko huleta nimonia inayoweza kuua. Kwa hiyo usimtapishe. Usimtie kidole kooni, wala usimpe maziwa, mafuta au maji ya chumvi. Mvue nguo zilizolowa, mwoshe ngozi kwa sabuni na maji, kisha mkimbize hospitali hata kama anaonekana mzima. Kikohozi na kuhema huweza kuanza saa kadhaa baadaye. Beba na ile chupa, ili daktari ajue alichokunywa.

Hatari nyingine imo katika rangi kuukuu ya mafuta iliyoko ukutani au mkebeni. Rangi nyingi za zamani zilitiwa madini ya risasi. Ukiikwangua kwa msasa mkavu, vumbi lake hutua sakafuni, watoto wakalila kwa mikono yao. Risasi hudhuru ubongo wa mtoto. Jirani zetu wa Owino Uhuru, Mombasa, wanalijua hilo: watoto wao walipatikana na risasi katika damu kutokana na kiwanda kilichoyeyusha betri kuukuu hadi 2014. Kwa hiyo lowesha ukuta kabla ya kukwangua, waondoe watoto na mama wajawazito, kisha piga deki kwa kitambaa chenye maji. Usifagie vumbi likiwa kavu.

Simiti nayo huchoma. Ikiingia jichoni, osha kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 20, halafu nenda hospitali.

Kwa ufupi, kitu kibaki katika mkebe wake wenye maandishi, kifunikwe vizuri, na kiwekwe juu penye kufuli. Kama hujui kilicho ndani ya chupa, usikitumie. Na leo jioni, kabla hujalala, hebu chungulia chini ya meza ya jikoni.