Gari ndogo ya kuvuta remorke: muanze na muzigo, gari ije mwisho



Kila kisha mavuno, swali moja linarudi kwenye mikutano: tuendelee kulipa kamyo ya mutu, ao tununue gari yetu ndogo yenye kuvuta remorke? Wazo ni zuri. Remorke haina motere, haiombi matengenezo mengi, na siku hakuna muzigo munaiacha kwenye depo na gari inafanya kazi ingine. Lakini kukosea gari kunaweza kumaliza pesa za wanamemba wote. Na kwenye milima yetu, kunaweza kuondoa pia maisha ya watu.

Wengi wanaanza na gari. Wanaona ile yenye kungaa, na muuzaji anawaambia: «Hii iko na nguvu, inavuta kila kitu.» Sisi tunawaomba mufuate njia ingine: kwanza muzigo, kisha remorke, kisha njia, na gari mwisho. Tena swali la kwanza juu ya gari si «inavuta kilo ngapi?» Swali ni hili: «Inaweza kusimamisha kilo ngapi?»

1. Mupime uzito wa kweli

Tuchukue mufano wa koperative ya bonde la Ruzizi yenye kutaka kupandisha mahindi mpaka Bukavu. Remorke yao ni ya fundi wa mutaani, ya mipira miwili. Ikiwa tupu iko na kilo 200. Wakiweka magunia 5 ya kilo 100, inafika kilo 700. Hesabu inaanza na hizo 700, si na 500.

Kama hamujui uzito wa remorke, mutumie mizani ya depo, ile munapimia mavuno. Remorke ikiwa tupu na imesimama sawasawa, mupime mupira mumoja, kisha wa pili, kisha mukono wa mbele. Mujumlishe zote tatu.

2. Mulinganishe na uzito wa gari

Kule Ulaya, watu wengi wanavuta kwa gari ndogo kinyumba chepesi cha kulalia wakati wa likizo. Kule kuna kanuni: remorke isiyo na fre yake yenyewe haipaswi kupita kilo 750 pamoja na muzigo, wala kupita nusu ya uzito wa gari tupu. Ile ndogo kati ya hesabu hizo mbili ndiyo inafuatwa. Kanuni hiyo ilitungwa kwa njia za goudron. Kwa njia yetu ya udongo na mawe, muichukue kama mwisho kabisa.

Sasa muangalie kwa remorke yetu ya kilo 200:

- Toyota Probox tupu iko na kilo 1000 hivi. Nusu yake ni 500. Ukitoa remorke, zinabaki kilo 300: magunia 3.
- Suzuki Jimny inapanda vizuri kwenye matope, na uzito wake unakaribia ule wa Probox. Lakini mwenye kuitengeneza ameweka mwisho wa kilo 350 kwa remorke isiyo na fre. Zinabaki kilo 150: gunia 1 na nusu.
- Toyota Hilux ya kabini mbili, 4x4, inapita kilo 1700. Nusu yake inapita 750, basi tunasimama kwa 750. Zinabaki kilo 550: magunia 5.

Mufano wa Jimny unatufundisha neno moja: kama mtengenezaji ametoa hesabu ndogo kuliko nusu, hesabu yake ndiyo inashinda. Kwa gari iliyotengenezwa kwa soko la Ulaya, mutafute kibati chenye namba za kilo, mara nyingi karibu na mulango ao chini ya kapo. Mustari wa kwanza wa kilo ni uzito wa mwisho wa gari pamoja na muzigo wake. Mustari wa pili ni uzito wa mwisho wa gari na remorke pamoja. Toa wa kwanza kwa wa pili, utapata kile gari inaruhusiwa kuvuta. Kama mustari wa pili hauna kitu, gari hiyo haikuruhusiwa kuvuta.

Remorke yenye fre yake inaweza kubeba zaidi, ikiwa karatasi za gari zinakubali. Lakini sherti fre hiyo itengenezwe kila mara. Fre iliyokufa ni sawa na kukosa fre.

3. Mufikirie mulima

Kutoka Kamanyola kwenda Nyangezi, sherti mupite Ngomo. Hapo ndipo gari inajulikana. Kwenye mulima unaopanda metre 10 kwa kila metre 100, remorke ya kilo 700 inavuta gari nyuma kwa nguvu ya kilo 70 hivi. Wakati wa kushuka, nguvu ileile inasukuma gari mbele, na fre za gari peke yake ndizo zinaikamata. Zikipata moto sana, zinaacha kushika.

Tena, motere isiyo na turbo inapoteza karibu 1 kwa mia ya nguvu kila metre 100 za kupanda, juu hewa inapunguka. Bukavu iko kwenye metre 1500 hivi. Kwa hiyo motere ya farasi 100 inafika kule na farasi 85 hivi.

Ndiyo maana motere ya mazuti yenye turbo inafaa zaidi kwa kazi hii: inavuta hata ikizunguka polepole. Muchague vitesi vya mukono, juu vitesi vya otomatiki vinapata moto haraka kama shofere hajui kuvichunga. Na muchague gari inayosukumwa na mipira ya nyuma, ao 4x4. Remorke inalemea nyuma ya gari na kuinua mbele. Ile inayovutwa na mipira ya mbele itaanza kuteleza kwenye udongo.

Moto ya mipira mitatu je? Inafaa kubeba muzigo wake yenyewe. Musiifungie remorke: ni nyepesi sana, haiwezi kuisimamisha.

4. Kabla ya kulipa

- Fundi wenu, si wa muuzaji, aangalie shasi, fre, ambreyaji na radiatere.
- Ndoano ya kuvutia ifungwe kwenye shasi kwa bulo, isifungwe kwenye pareshoki. Mupira wa ndoano na kikombe cha remorke vilingane.
- Mujaribu gari kwenye mulima, ikiwa na muzigo. Kwenye uwanja tambarare kila gari ni nzuri.
- Muweke mnyororo wa usalama na taa za nyuma.

5. Siku ya kusafiri

Muweke magunia mazito juu ya ekse na mbele kidogo. Mukono wa remorke ulemee ndoano kwa kilo 5 mpaka 10 kwa kila kilo 100. Kwa remorke ya kilo 700, mizani isome kati ya 35 na 70. Ikisoma chini ya hapo, remorke itayumba na kuvuta gari huku na huku.

Shofere ashuke kwa vitesi vya chini. Asizime motere ili kuchunga mafuta: motere ikizimwa, fre zinakuwa ngumu na usukani pia. Na mutu yeyote asikae juu ya magunia. Kilo zake hazikuhesabiwa, na remorke ikipinduka yeye ndiye wa kwanza kuumia.

Kazi ya mukutano

Gari nzuri haitoshi kama kila mwanamemba anaweza kuongeza gunia lake wakati wa kuondoka. Mutaona: ni soko, kuna haraka, mama mumoja anaomba, shofere anaona haya kukataa. Basi mukutano wote ukubaliane mapema idadi ya magunia, iandikwe kubwa kwenye ukuta wa depo, na achaguliwe mutu mumoja mwenye haki ya kusema «shusha», hata kwa prezida. Gunia lililobaki litasafiri siku ingine.