Shajara ya Wakili wa Youngstown

Takwimu za Mdororo Mkuu wa Marekani zimekamilika kiasi cha kuchosha. Kipimo cha Dow Jones, yaani wastani wa bei za hisa za baadhi ya kampuni kubwa, kilifika 381 Septemba 1929, kikaporomoka hadi 41 Julai 1932. Mchoro wake unaenea katika nusu ukurasa, na kila anayeutazama leo anajua siku aliyopaswa kununua.

Benjamin Roth hakuwa na mchoro huo. Alikuwa wakili mjini Youngstown, Ohio, mji uliotegemea viwanda vya chuma, na mwaka 1931 alianza shajara ya kufuatilia mwenendo wa fedha: benki, hisa, kodi za nyumba, wateja wenye mashauri tele wasio na cha kumlipa wakili. Mwanawe alishiriki kuihariri, ikachapishwa mwaka 2009, mara tu baada ya benki za Marekani kuyumba upya. Wachapishaji nao wanajua msimu wa mavuno.

Kinachoipa shajara hiyo uzito ni mambo ambayo takwimu huyapitia juu juu. Chukua biashara ya vitabu vya akiba. Benki ilipoishiwa fedha taslimu, iliwazuia wateja kuchukua amana zao. Mwenye akiba akabaki na kitabu kinachotaja fedha asizoweza kuzigusa. Mwenye njaa hawezi kungoja benki ipate nafuu, kwa hiyo alikiuza kwa bei ya chini. Mnunuzi mwenye faida kubwa alikuwa mtu anayedaiwa na benki hiyohiyo. Tuseme ana mkopo wa nyumba wa dola 1,000. Ananunua vitabu vyenye amana ya dola 1,000 kwa dola 600, anavipeleka benki, na pale benki inapokubali kuvipokea kwa thamani kamili, deni linafutana na deni. Kwenye hesabu za benki, mkopo umelipwa wote. Dola 400 zimetoka mfukoni mwa yule aliyeweka akiba kwa bidii, kama benki ilivyomshauri.

Jambo la pili ni giza la wakati wenyewe. Mwanzoni mwa Juni 1931 Dow ilikuwa juu kidogo ya 120, theluthi moja tu ya kilele chake, na ilikuwa rahisi kuamini kwamba hisa haziwezi kushuka zaidi. Aliyenunua siku hizo na kushikilia alipoteza takriban theluthi mbili ya fedha zake katika mwaka mmoja uliofuata. Roth aliona mara kwa mara kwamba hisa nzuri zinauzwa kwa bei ya kutupa, na mara kwa mara akaandika kwamba hana fedha za kuzinunua. Wanaohubiri ujasiri wa kununua wakati wa hofu huwa hawasemi fedha zitoke wapi. Katika mdororo, bei hushuka kwa sababu ileile inayokausha mifuko ya wanunuzi: mapato yamekatika, mikopo imefungwa, na aliye na dola ya ziada anaizuia kwa dharura.

Baadaye Roth alizirudia kurasa zake na kuongeza maelezo yenye tarehe, akilinganisha alichotarajia na kilichotokea. Kwa miaka mingi alitarajia mfumuko wa bei, lakini ulichelewa sana. Wachambuzi wenye ofisi kubwa kuliko yake walikosea pia, ila wao hawakuweka daftari.