Vikao 4 au 16: gharama halisi ya kutibu tatizo la chumbani Busia

Wanandoa waliopoteza raha ya kitandani huuliza kwanza kikao ni pesa ngapi. Kwa mtu wa mpakani, bei ya kikao ni sehemu ndogo tu ya mzigo.

Tuchukue mfano, weka bei zako mahali pa zangu. Mume na mke wa mtaa wa Burumba wanamwona kaunsela papa hapa mjini jioni, baada ya kazi. Kikao ni shilingi 1,500 za Kenya. Boda ni 100 kwa kila mmoja kwenda, na 100 kurudi. Jumla 1,900. Vikao 4 ni 7,600, au takriban 213,000 za Uganda tukibadilisha kwa 28.

Sasa tiba ya kina, tuseme vikao 16 kwa mtaalamu wa Kisumu, zaidi ya kilomita 100. Kikao 3,000, nauli ya wawili kwenda na kurudi 2,000, na kila mmoja anapoteza siku ya kazi ya 800. Safari moja inakula 6,600. Zote 16 ni 105,600. Mtaalamu mwenyewe anapata 48,000. Zaidi ya nusu imeishia kwa matatu na katika siku za kazi zilizopotea. Vikao 8 vikifanywa kwa video, zinaokolewa 28,800 kabla ya gharama ya bando.

Tofauti ni karibu mara 14, ndiyo maana nasisitiza kuanzia chini. Mwanasaikolojia Jack Annon alipanga msaada huu katika ngazi 4 mwaka 1976: kumpa mtu ruhusa ya kusema, kumpa maarifa machache, kumpa maelekezo mahususi, kisha tiba ya kina. Kwa maoni yake wengi husaidika kabla ya ngazi ya 4. Ssenga (shangazi anayefunda) wa Buganda na somo (kungwi) wa pwani wameshika ngazi za mwanzo tangu zamani, ingawa hawapimi damu. Na kupima ni lazima: nguvu za kiume zinazofifia zinaweza kutokana na kisukari, shinikizo la damu au dawa zake. Kumwona mhudumu hakulipiwi katika vituo vya umma vya Uganda tangu 2001, wala katika zahanati na vituo vya afya vya umma vya Kenya tangu 2013. Pita huko kabla ya kumpa pesa muuza mitishamba wa sokoni.

Lakini urahisi nao una mtego. Wanandoa wakivuta ushauri mfupi hadi vikao 16 bila badiliko, wamelipa 30,400, fedha ambazo zingelipia safari 4 za Kisumu na chenji ibaki. Miezi kadhaa pia imekwenda. Kikao cha 4 kiwe mwisho wa kujaribu.

Wengine wasianzie kwenye ushauri mfupi kabisa. Aliyebakwa au kuguswa vibaya utotoni, mwanamke ambaye mwili wake hujifunga kwa maumivu kila akijaribu, wawili ambao hawajagusana kwa miaka: hao waende moja kwa moja kwenye tiba ya kina. Penye kipigo nyumbani, usalama wa anayepigwa hutangulia kikao chochote cha pamoja.

Kuna gharama nyingine isiyo na risiti. Tiba ya kina hutoa kazi ya nyumbani: kwa wiki kadhaa wawili hugusana polepole, tendo lenyewe likiwa limepigwa marufuku, ili hofu ya kushindwa ipungue. Kazi hiyo inataka mlango unaofungwa. Katika chumba kimoja cha mabati pale Marachi, watoto wamelala nyuma ya pazia na jirani anasikia kikohozi. Mwambieni mtaalamu hali hiyo siku ya kwanza, apange mazoezi kwa saa ambazo watoto wako shuleni.

Dereva wa lori anayelala nyumbani siku chache kwa mwezi ana hesabu yake. Masters na Johnson, walioeleza tiba yao katika kitabu cha 1970, waliwaweka wanandoa St. Louis, Marekani, kwa wiki 2 mfululizo, wakiwaona kila siku. Mwenye likizo anaweza kuomba vikao vibanwe vivyo hivyo: chumba cha Kisumu kwa wiki 2 kikiwa 14,000, bado ni nafuu kuliko nauli za 32,000, na mlango unafungwa. Kabla ya kulipa, kaunsela wa upande wa Kenya aonyeshe usajili wake chini ya sheria ya 2014, kisha ataje idadi ya vikao na kinachopaswa kuwa kimebadilika kufikia cha 4.