Fukusi wa Migomba Hufuata Harufu

Leo nasema hasa na ninyi wa Soweto, hapa Moshi, mlioteremsha machipukizi ya migomba kutoka vihamba vya mlimani mkayapanda uani. Mwaka wa kwanza mgomba ulistawi. Wa pili, ukiwa na mkungu mchanga, ukaanguka wenyewe, na upepo haukuwapo. Pasua tunguu lake lililo ardhini: utaona mashimo, na funza weupe ndani. Hao ni watoto wa fukusi, yule mdudu mweusi mwenye mdomo mrefu.

Fukusi hutembea usiku, kuruka ni nadra. Basi gizani ameujuaje mgomba wako? Ameunusa. Mdudu hana pua kama yetu. Hunusa kwa papasi zake mbili za kichwani. (Inzi naye huonja kwa miguu, ndiyo maana hutembea juu ya ugali wako kabla ya kula!) Mgomba uliokatwa, hasa tunguu bichi, humvuta sana fukusi. Dume akishafika hutoa harufu yake mwenyewe, na wenzake, majike kwa madume, humfuata. Wataalamu waliitambua harufu hiyo mwaka 1995, na siku hizi hutengenezwa kwa ajili ya mitego.

Sasa wewe unavuna mkungu, unaacha vipande vya shina vimelala pale pale. Umewaita wageni.

Lakini harufu hiyo hiyo yaweza kuwanasa. Chukua shina lililokatwa karibuni, kipande cha futi moja, ulipasue kwa urefu, ulaze upande uliopasuliwa chini, karibu na mgomba ulio hai. Asubuhi ya siku ya tatu geuza, okota fukusi, watie katika maji ya moto. Jike hutaga mayai machache lakini huishi hata zaidi ya mwaka, kwa hiyo kila mmoja unayemwua ni faida. Nikiri: nilipoanza kazi niliwafundisha wakulima kuweka mitego, nikasahau kusisitiza kuokota. Tukawa tunawafuga.

Na machipukizi je? Yamenye tunguu kule kule kihambani mpaka liwe jeupe. Lenye mashimo litupe. Kisha yapande siku hiyo hiyo. Ukiyaacha yalale shambani usiku, kwa harufu ile ya tunguu lililomenywa, fukusi watakuwa wamefika kabla ya jua.