Triatloni ya sprinti: miguu tunayo, maji njo yanatushinda

Metre 750 mu maji, kilometre 20 juu ya kinga, kilometre 5 kwa miguu. Yote mfululizo, na saa haisimami kati. Hiyo njo triatloni ya sprinti, ile fupi. Ile ya Michezo ya Olimpiki inazidisha kila kitu mara mbili: metre 1500, kilometre 40, kilometre 10.

Kwetu wengi wanasema ni mchezo wa watu wa feza, wale wenye kinga ya bei ya motokari. Kwa sehemu ni kweli, tukitazama televizyo. Lakini triatloni ya kwanza yenye jina hilo ilifanyika San Diego, Marekani, tarehe 25 Septemba 1974, siku ya tatu jioni, saa ya watu kutoka kazini. Walikuwa watu 46, wengi wao wakimbiaji tu wa kikundi cha mutaa, na kuogelea kwenyewe kulikuwa shida kwa wengi. Basi tusiogope jina.

Sisi wa ukurasa huu tulijaribu, hapa Lubumbashi, siku ya Mungu asubuhi, watu wanne: wawili wa kuandika, dada mmoja mwalimu, na fundi wa umeme anayefanya kazi chini ya ardhi, mwenye miaka 44. Huyu tunamwita paka Papa Fundi. Hapakuwa na medali wala mzungu wa kupiga filimbi. Tulipima njia, tukalipa pisine, tukaenda.

Tuanze na kile ambacho hakikutusumbua. Mtu aliyezoea kupanda ngazi za mugodi na mfuko wa vyombo mgongoni, miguu yake iko tayari. Na kinga je? Nani hawajui wale wa makala wanaoingia mu muji alfajiri, mifuko imepita kichwa chao, wanasukuma kwenye mlima na kushikilia breki kwenye mtelemko? Sisi tulikwenda njia ya Kipushi, kilometre 10 kwenda, 10 kurudia, na wawili wao walitupita wakati walikuwa wanarudia bila mzigo. Walitusalimia kwa adabu. Tulinyamaza.

Kinga ya kawaida inatosha. Ya Papa Fundi haina vitesi, kiti chake kimefungwa na kamba ya mpira, na alimaliza kilometre 20 kwa dakika 56. Kitu kisichobembelezwa ni kaske. Mu mashindano ya kweli unaifunga kidevuni kwanza, kisha njo unagusa kinga. Ukigusa kinga mbele, unapata azabu. Mtu wa mugodi hana shida na sheria hiyo. Na kisha posti ya usiku usiende barabarani na kinga. Lala kwanza. Malori ya barabara zetu hayamwoni mtu anayesinzia.

Kushuka kwenye kinga na kuanza kukimbia ni jambo la ajabu kidogo. Miguu inakataa. Inakuwa mizito, kama si yako, kwa metre mia tano za kwanza hivi, halafu inakubali. Ukijua hilo, hutaogopa. Unapunguza hatua na kungojea.

Sasa maji.

Pisine tuliyopata ni ya metre 25, maana yake kuivuka mara 30. Papa Fundi alipoanza mazoezi, wiki 11 mbele ya siku yetu, hakuweza hata metre mbili. Mtu wa nguvu vile! Alikuwa anashika pumzi, anakaza shingo, anapiga maji kwa mikono, anazama. Nguvu mu maji haisaidie kama mwili umekaza. Dada mwalimu, aliyejifunza butoto, alimfanya aanze kama mtoto: kushika ukuta, kuingiza uso, kutoa hewa yote kwa pua polepole, kuinua kichwa, kurudilia. Siku mbili paka hiyo. Kisha kulala juu ya maji kwa tumbo bila kufanya kitu, kisha kwa mgongo. Wiki ya nne alielea, na alicheka mpaka akanywa maji.

Jambo ambalo wengi hawajui: mu triatloni unaogelea namna unayotaka. Kwa kifua, kwa mgongo, kama chura, hakuna anayekukataza. Ukichoka unaweza kushika boya ao mtumbwi wa walinzi na kupumua, bora usijisukume nao mbele. Papa Fundi alipumzika kila ukuta na kumaliza metre 750 kwa dakika 31. Akijumlisha na kinga na mbio, saa mbili na dakika 3. Dada alitumia saa moja na dakika 34. Sisi wa kuandika tulikuwa kati, na hatutasema ni nani alikuwa nyuma.

Kwa nini pisine na si ziwa? Maji yetu mengi ya kusimama yana konokono wanaobeba bilharzia, na kadudu kake kanaingia kwa ngozi, hata usipokunywa. Kule Lufira kuna mamba. Na mto unaopokea maji ya usine, hakuna mtu mwenye akili anayeingia. Hata Paris ilikuwa vile: mwaka 2024, mvua ilichafua mto Seine, mashindano ya wanaume ya Olimpiki yakasogezwa toka tarehe 30 mpaka 31 Julai. Wale wakubwa walingojea vipimo vya maji. Sisi pia tungojee.

Lakini hatukuandika haya kwa sababu ya mashindano peke yake. Kila mvua, mashimo ya zamani yanajaa: karyeri zilizoachwa, visima vya wachimbaji wa mkono. Maji yake ni ya kijani, mazuri kwa macho, na kingo zimesimama kama ukuta. Batoto wanakwenda kuoga mule, ao kusafisha mawe, na pembeni hakuna mahali pa kusimama. Mkubwa anaruka kumwokoa na yeye hajui maji. Wanatolewa wawili. Wasomaji wa ukurasa huu wanajua matanga ya namna hiyo.

Kwa hiyo dada mwalimu alitulazimisha kufanya kitu cha ziada mu pisine ile. Mtu mmoja anajifanya anazama, mwingine anamtupia bidon ya manjano ya litre 20, tupu na imefungwa kifuniko, iliyofungiwa kamba. Inabeba mtu mkubwa. Usiruke; tupa bidon, lala tumbo chini pembeni, vuta. Tulirudilia mara kumi, na ilikuwa kazi kuliko kilometre 5.

Pisine si bure, tunajua, na mshahara una safari nyingi. Papa Fundi alipatana na mlinzi: saa moja asubuhi, mbele ya wateja, baba analipa na batoto wawili wanaingia kwa bei ya mmoja. Anawaleta kila siku ya Mungu ambayo hana posti. Yule mkubwa, binti wa miaka 9, sasa anavuka pisine nzima kwa mgongo. Mdogo angali anashika ukuta na kutoa hewa kwa pua.