Watu wazima wacheza, mwenye hisa alia

MCHEZO wa kupanga peremende tatu za rangi moja umeonyesha jinsi watu wazima walivyogeuka wateja wakubwa wa michezo ya intaneti. Umeonyesha pia kwamba duka kujaa watu si lazima bei ya hisa ipande.

Mchezo huo, Candy Crush Saga, ulitolewa mwaka 2012 na kampuni ya King, iliyoanzishwa mjini Stockholm, Sweden, mwaka 2003. Ulipendwa na wanawake kwa wanaume wenye kazi na familia, ambao huucheza kwenye simu wakiwa safarini au wakati wa mapumziko.

Kuucheza ni bure. Anayemaliza nafasi zake tano husubiri, au hulipa ili aendelee papo hapo. Mwishoni mwa mwaka 2013, kati ya kila wachezaji 100 wa King ni wapatao wanne tu waliolipa kwa mwezi. Hata hivyo, kwa kuwa wachezaji walifikia milioni 300, mapato ya mwaka huo yalizidi dola za Marekani bilioni 1.8, na faida ikapita dola milioni 560.

Kwa nguvu hiyo, King iliingia Soko la Hisa la New York Machi 26, 2014, kwa dola 22.50 kwa hisa. Jioni hiyo bei ilifungia dola 19. Hofu kubwa ilikuwa kutegemea bidhaa moja: Candy Crush ulileta asilimia 78 ya mauzo ya robo ya mwisho ya mwaka 2013, na mauzo hayo yalikuwa yameanza kushuka.

Mwaka 2016 Activision Blizzard iliinunua King kwa dola bilioni 5.9, yaani dola 18 kwa hisa. Aliyenunua hisa 100 kwa dola 2,250 wakati zinatolewa alirudishiwa dola 1,800. Gawio alilopata katikati halikuziba pengo lote. Activision yenyewe, yenye michezo mingi, ilinunuliwa na Microsoft Oktoba 2023 kwa dola 95 kwa hisa.

Kwa mwekezaji mdogo, somo ni moja. Asihesabu wanaocheza, bali wanaolipa. Kisha aulize ni bidhaa ngapi zinazobeba mapato ya kampuni.