Kilo ya Mkumbara na thabiti ya Planck

Robota la mkonge likiwekwa kwenye mizani huko Mkumbara, Tanzania, muuzaji na mnunuzi hawabishani kilo ni nini. Mizani hukaguliwa na Wakala wa Vipimo kwa mawe yanayolinganishwa na viwango vya taifa, na viwango hivyo hulinganishwa na vya ng'ambo. Mpaka 2019 mnyororo huo uliishia kwenye kipande kimoja cha platini na iridi kilichofungiwa Sèvres, Ufaransa. Katika miaka mia hivi, kipande hicho na nakala zake vilitofautiana kwa takribani maikrogramu 50. Haikujulikana kipi kimebadilika, maana kisheria kipande hicho ndicho kilichokuwa kilo. Nashikilia kwamba kukiacha kulikuwa haki.

Mahali pake pamechukuliwa na thabiti ya Planck. Mwaka 1900 Max Planck alionyesha kuwa nishati ya mwanga hutoka kwa mafungu, na kila fungu ni thabiti hiyo mara idadi ya mawimbi kwa sekunde. Ni ndogo mno: 6.62607015 ikigawanywa kwa 1 yenye sifuri 34, katika jouli-sekunde. Bryan Kibble wa Uingereza alibuni mwaka 1975 mizani inayosawazisha uzito kwa nguvu ya koili yenye umeme ndani ya sumaku. Umeme huo hupimwa kwa matukio ya kikwantamu yanayoitegemea thabiti yenyewe, kwa hiyo ukijua uzito unaipata thabiti. Wengine waliitafuta thabiti hiyo kwa kuhesabu atomi za tufe la silikoni. Njia hizo mbili, zisizofanana hata kidogo, zilipokubaliana kwa tofauti isiyofika sehemu moja katika milioni kumi, mkutano wa Versailles uliamua Novemba 2018 kuifunga namba hiyo. Tangu Mei 20, 2019 kipimo kinasomwa kinyume: thabiti inajulikana, uzito ndio unaotafutwa.

Mkulima atauliza anafaidika nini. Kwenye robota la kilo 250 tofauti ile ya maikrogramu 50 kwa kilo ni miligramu 12.5, pungufu ya unyuzi mmoja wa mkonge wenye urefu wa mita. Ni kweli, na ilikusudiwa bei yake isiguswe. Hoja nzito zaidi ni kwamba mataifa machache tu yana mizani ya Kibble. Lakini zamani hata tajiri hakuweza kujitengenezea kilo, alilazimika kwenda Sèvres. Sasa kizuizi ni fedha na ujuzi, na nchi za Afrika Mashariki zikichangia maabara moja zinaweza kukivuka.